Kufundisha fiziolojia ya mazoezi hapa Goma: somo lianzie wapi?

Mwanzisha uzi, Goma

Ndugu wasomaji, habari za kazi. Huu ni mwaka wangu wa saba nikifundisha fiziolojia ya mazoezi, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi wakati wa juhudi, katika chuo kikuu kimoja hapa Goma, kwa wanafunzi wa tiba ya viungo na kwa wale wanaojiandaa kuwa walimu wa michezo. Naandika kwa sababu nimebadilisha mpangilio wa somo, wenzangu kadhaa hawakubaliani nami, na ningependa hoja zetu zisomwe na watu wengi kuliko wale tunaokutana barazani kabla ya kuingia darasani.

Miaka mitano ya kwanza nilifuata silabusi niliyoirithi. Ilianza na seli, ikaingia katika kuvunjwa kwa glukosi, ikapita mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa hatua za kikemia unaoipa seli nishati, hatua kwa hatua, ikafika kwenye mnyororo wa upumuaji ndani ya mitokondria, na moyo wenyewe ulijitokeza baada ya Pasaka, wakati saa za somo zimebaki chache. Wanafunzi waliandika kila neno kwa Kifaransa, wakakariri, wakafaulu. Kisha siku moja, katika mtihani wa mdomo, nilimuuliza kijana aliyekuwa na alama nzuri kuliko wote: mtu anayesukuma chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, yenye mzigo kutoka soko la Kituku kupanda kuelekea Majengo, akifika na kusimama, kwa nini anaendelea kuhema kwa dakika kadhaa ilhali hasukumi kitu tena? Akanitajia vimeng'enya vyote vinane vya mzunguko wa Krebs kwa utaratibu wake, bila kukosea hata kimoja. Swali langu hakulijibu. Nilirudi nyumbani na huzuni, kwa maana kijana yule alikuwa amesoma kila nilichompa. Nilichompa ndicho kilichokuwa na kasoro.

Tangu hapo somo langu linaanza na vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Siku ya kwanza, kabla ya neno lolote ubaoni, wanafunzi wanakaa wawili wawili, wanapumzika dakika tano, wanahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 na kuyazidisha kwa nne. Halafu mmoja anachuchumaa na kuinuka mara 30 katika sekunde 45, anahesabiwa mapigo mara tu anapomaliza, na tena baada ya dakika moja ya kupumzika. Wengi wenu mnalitambua jaribio hilo, ni lile la Ruffier: jumlisha hesabu tatu, toa 200, gawanya kwa 10. Aliyeanza na mapigo 70, akafika 120, akarudi 85, anapata 7.5. Kwangu namba hiyo yenyewe haina uzito mkubwa, kwa kuwa ni kipimo cha jumla mno na hofu tu ya kupimwa mbele ya wenzako inaweza kuipandisha. Ninachokitafuta ni mshangao wa wanafunzi wanapoona kwamba watu wawili wa umri mmoja, waliofanya kazi ileile, wameupata moyo wao katika hali mbili tofauti kabisa. Hapo wao wenyewe wanauliza kwa nini, na mimi napata mahali pa kusimama.

Baada ya mapigo naingia katika kanuni ya Fick, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo moyo wa somo zima. Kanuni hiyo inasema kwamba oksijeni inayotumiwa na mwili ni sawa na wingi wa damu inayosukumwa na moyo kwa dakika, ikizidishwa kwa tofauti ya oksijeni kati ya damu inayokwenda kwenye viungo na damu inayorudi. Kwa muda mrefu niliandika mlinganyo huo ubaoni na kuona nyuso zinafungika. Sasa natumia bidoni za manjano za lita 20, zile ambazo kila mmoja wetu amewahi kuzibeba kutoka ziwani. Fikirini kwamba watu wanachota maji Ziwa Kivu na kupeleka majumbani. Maji yanayobaki nyumbani kwa siku yanategemea mambo mawili tu: bidoni ngapi zimefika, na kila bidoni imemiminwa kiasi gani kabla ya kurudishwa. Mtu akiwa amepumzika, kila lita ya damu huondoka na mililita 200 hivi za oksijeni, huacha 50 tu kwenye viungo, na kurudi na 150. Ni kama bidoni ya lita 20 inayomimina lita 5 nyumbani na kurudi ziwani na lita 15. Moyo ukisukuma lita 5 kwa dakika, mwili unapata mililita 250 za oksijeni, na hizo zinamtosha aliyeketi. Katika kazi ya juu kabisa, kijana asiye mwanamichezo husukuma lita 20 hivi kwa dakika, na kila lita huacha karibu mililita 150: bidoni inamimina 15 na kurudi na 5. Zidisheni, mtapata lita 3 kwa dakika, yaani mara 12 ya zile za mapumziko. Wanafunzi wanaikokotoa wenyewe, na tangu nilipoanza mfano huu sijaona mwanafunzi aliyesahau kwamba ongezeko hilo lina milango miwili.

Mfano huohuo unanifikisha kwenye jambo linaloumiza watu wetu. Gramu moja ya hemoglobini, ile protini nyekundu ya damu, hubeba mililita 1.34 za oksijeni. Mtu mwenye gramu 15 kwa desilita ya damu anabeba zile mililita 200 kwa lita; mtu aliyedhoofishwa na malaria za mara kwa mara au na minyoo, akibaki na gramu 10, anabeba 134 tu. Barabara ni ileile na wachotaji ni walewale, lakini bidoni zimekuwa ndogo. Mwalimu wa michezo anayelielewa hili hatamwita mtoto mvivu kwa sababu amechoka katika mzunguko wa pili wa uwanja.

Kuhusu maabara: hatuna mashine ya mkanda ya kukimbilia, hatuna mashine ya kuchambua hewa, na umeme unakuja unavyotaka. Lakini nawakumbusha wanafunzi kwamba misingi ya sayansi hii iliwekwa kwa vifaa vya mkono. Mfuko wa Douglas wa kukusanyia hewa iliyopumuliwa ulijulikana tangu 1911, na A. V. Hill, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 pamoja na Otto Meyerhof, alikimbia yeye mwenyewe akizunguka uwanja wa majani akiwa na mfuko wa namna hiyo. Yeye ndiye aliyeita ule uhemaji wa baada ya kazi deni la oksijeni. Leo tunajua kwamba jina hilo linasema zaidi ya ukweli, kwani sehemu tu ya oksijeni ile hulipa kilichotumika mwanzoni. Iliyobaki inahudumia joto la mwili lililopanda, moyo ambao bado unakwenda mbio na homoni ambazo hazijatulia. Lakini swali la mtu wa chukudu lilijibiwa kwanza na watu waliokuwa na mfuko, saa na uvumilivu.

Sisi tunatumia kiti cha mbao cha sentimita 41, ambacho seremala wa mtaani alikitengeneza kwa siku moja, kwa ajili ya jaribio la kupanda na kushuka kwa dakika tatu: mara 24 kwa dakika kwa wanaume na 22 kwa wanawake, kwa mdundo unaopigwa kwa simu. Tunahesabu mapigo kuanzia sekunde ya tano hadi ya ishirini baada ya kusimama. Kwa mwanamume tunachukua 111.33 na kutoa 0.42 mara mapigo kwa dakika. Mwenye mapigo 150 anakadiriwa kuwa na uwezo wa juu wa kutumia mililita 48 za oksijeni kwa kila kilo ya mwili kwa dakika. Nasisitiza neno kukadiriwa, na anayeandika "amepimwa" katika ripoti yake namkata alama.

Swali langu kwenu ni hili: je, ni haki kuichelewesha biokemia hadi wiki ya sita, kama nifanyavyo, au nawanyima wanafunzi msingi?

Mhadhiri wa biokemia, Bukavu

Mwalimu mwenzangu, asante kwa uzi huu. Nimeusoma mara mbili, na naukubali mfano wa bidoni kiasi kwamba nitauazima. Hata hivyo naona hatari ambayo hukuigusa. Mwanafunzi anayeanza na mapigo ya moyo anaweza kuridhika na mapigo ya moyo. Ataona namba inapanda na kushuka, atajua kuisema, na atadhani ameelewa. Mchoko wa msuli hauonekani kifundoni.

Mfano mmoja unatosha. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu mahali popote katika miji yetu kwa nini mapaja yanauma siku mbili baada ya kupanda volkeno ya Nyiragongo, na wengi watakujibu kwamba ni asidi ya laktiki iliyokwama ndani ya misuli. Hilo si kweli. Lakteti, yaani asidi hiyo kwa umbo ililo nalo mwilini, huondoka katika damu kwa muda wa saa moja hivi, au mbili, baada ya kazi, wakati maumivu yale hufika kilele siku ya pili au ya tatu, nayo hutokana na majeraha madogo ya nyuzi za msuli, hasa katika mteremko, pale msuli unapofanya kazi huku ukirefushwa. Isitoshe, lakteti yenyewe ni chakula: moyo huichoma, nyuzi nyekundu za misuli huichoma, na ini huigeuza tena kuwa glukosi. Ni biokemia peke yake inayoweza kuuondoa uzushi huu. Ukiichelewesha hadi wiki ya sita, mwanafunzi amekaa wiki tano na uzushi wake, tena sasa akiwa na kiti na saa ya kuutetea.

Mwanzisha uzi, Goma

Mheshimiwa, hoja yako imenigusa, na sitaki kuijibu kwa haraka. Nakubali kwamba mapigo ya moyo yanaweza kuwa pazia. Lakini uzushi wa asidi ya laktiki ulikuwepo pia wakati nilipoanza na mzunguko wa Krebs; wanafunzi waliuleta kutoka uwanja wa mpira, na baada ya miezi mitatu ya biokemia waliondoka nao vilevile, kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba yale ya ubaoni na yale ya mapajani ni jambo moja. Nitafanya hivi: wiki ya pili nitawapeleka kwenye mteremko, nusu wapande na nusu washuke, kisha kila mmoja aandike maumivu yake kwa siku tatu mfululizo. Waliopanda watakuwa wamehema zaidi na walioshuka wataumia zaidi. Daftari zikishajazwa, nitaileta lakteti mara moja, bila kungoja wiki ya sita. Hapo umenisaidia kweli.

Daktari, Bukavu

Mwalimu, mimi ni mama na ni daktari wa hospitali, na kila nikisikia wanafunzi wanapimwa kwa kukimbia najiuliza ni nani aliyewauliza maswali kabla ya kuanza. Katika nchi yetu watu wengi wana nusu ya urithi wa siko seli, yaani wamerithi ugonjwa huo wa damu kwa mzazi mmoja tu, bila kujua. Kwa maisha ya kila siku hali hiyo haiwasumbui, lakini juhudi kali isiyo na mapumziko, katika joto, mwili ukiwa umepungukiwa maji, imewahi kuwaangusha vijana waliokuwa na hali hiyo, na wengine hawakuinuka. Mtu aliyetoka kwenye homa wiki hii asifanye jaribio la kufika kikomo. Mwenye mimba ambayo hajamwambia mtu asilazimike kutoa sababu mbele ya darasa. Mwenye maumivu ya kifua au aliyewahi kuzirai akikimbia aje kwetu kwanza.

Nakuomba mambo yafuatayo kwa moyo wote: kila mwanafunzi awe na haki ya kukataa bila kupoteza alama, awe msoma saa badala ya mpimwa, na namba za mtu zisisomwe kwa sauti. Nimewahi kumtibu msichana aliyeacha masomo ya michezo kwa sababu matokeo yake yalibandikwa ukutani. Aliyafanya hayo mwalimu asiyekuwa na nia mbaya.

Kwa upande wa hoja yenyewe, niko pamoja nawe. Sisi madaktari tulifundishwa kuagiza mapumziko kama dawa isiyo na madhara. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani wiki tatu, na uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Ni wiki tatu tu, tena kwa vijana wazima! Nikiwaza bibi aliyevunjika nyonga ambaye familia, kwa upendo, inamkataza hata kukaa, natamani kila mwanafunzi wako wa tiba ya viungo aijue habari hii kabla ya kujua jina la kimeng'enya chochote.

Mwanafunzi, Lubumbashi

Shikamooni walimu wangu. Nasoma mwaka wa pili hapa Lubumbashi, na ninasaidia kufundisha timu ya vijana mtaani. Nina maswali mawili. La kwanza: kocha wetu anatumia 220 kutoa umri ili kupata mapigo ya juu kabisa, lakini nimeona pia 208 kutoa 0.7 mara umri. Tushike ipi? La pili: jedwali za viwango tunazopewa zilitengenezwa Ulaya na Amerika. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na ninyi huko Goma na Bukavu mko 1,500 hivi. Je, tunajilinganisha na watu wanaopumua hewa tofauti?

Mwanzisha uzi, Goma

Marahaba, kijana wangu. Kwa swali la kwanza, fomula ya pili ilichapishwa mwaka 2001 na Tanaka na wenzake baada ya kukusanya vipimo vya watu wengi, nami naipendelea. Zote mbili zinakutana kwenye umri wa miaka 40, ambapo zinatoa 180. Kwa vijana wako wa miaka 20, ya kwanza inatoa 200 na ya pili 194. Kwa mzee wa 60, 160 na 166, na hapo ndipo fomula ya zamani inamdhulumu mtu. Lakini hata iliyo bora inakosea kwa mapigo kumi au zaidi kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo usimfukuze mchezaji kwa sababu ya fomula. Mtazame, msikilize anavyosema sentensi huku akikimbia.

Swali la pili linanifurahisha, kwa kuwa hapa wengi hujikwaa. Asilimia ya oksijeni hewani ni ileile, karibu 21, iwe Matadi, Lubumbashi au ukingoni mwa kasoko ya Nyiragongo kwenye mita 3,470. Kinachopungua ni shinikizo la hewa yote. Hapa Goma ni milimita 635 hivi za zebaki badala ya 760 za pwani. Ukitoa 47 za mvuke wa maji ndani ya njia ya hewa, oksijeni inayoingia kifuani ina shinikizo la 123 hivi, pwani 149. Kwa aliyezaliwa na kukulia hapa pengo hilo halionekani katika shughuli za kila siku, na hata katika kazi ya juu kabisa hasara kwenye mita 1,500 ni ndogo. Kwenye mita 2,240 za jiji la Mexico, katika Olimpiki ya 1968, iliwaelemea wengi wa mbio ndefu, na Kipchoge Keino wa Kenya, mtoto wa nyanda za juu, akashinda mbio za mita 1,500. Kwa hiyo jedwali za Ulaya zisome kama mwongozo, na ulinganishe zaidi kijana na yeye mwenyewe wa miezi mitatu iliyopita.

Mtaalamu wa tiba ya viungo, Bukavu

Naongeza mfano kutoka milima yetu, kwa sababu nimechoka kuona wanafunzi wakifundishwa juhudi kwa picha za waendesha baiskeli wa Ulaya wakati akina mama wanapita mbele ya dirisha na magunia mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, wakipanda kuelekea mtaa wa Kadutu.

Mwaka 1986 watafiti walichapisha vipimo vya wanawake wa Kenya, Waluo waliobeba kichwani na Wakikuyu waliobeba kwa kamba ya paji la uso kama mama zetu, na wakaona kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili haukuongeza matumizi ya nishati. Baadaye, mwaka 1995, ilionyeshwa kwamba mwendo wao unafanya kazi kama timazi inayobembea, ukiokoa nguvu katika kila hatua. Wanafunzi wanaposikia hivyo wanashangilia, na mimi huwazuia kidogo: vipimo vile vilikuwa vya mahali tambarare, na mizigo ya Bukavu haiishii kwenye asilimia 20.

Nawapa hesabu. Mama wa kilo 60 mwenye gunia la kilo 40 anapanda kimo cha mita 100. Kilo 100 mara 9.81 mara 100 ni kilojuli 98. Msuli hugeuza kuwa kazi robo tu ya nishati yake, kwa hiyo anatumia karibu kilojuli 390. Lita moja ya oksijeni hutoa kilojuli 20 hivi. Basi ni lita 20 za oksijeni kwa kupanda tu. Akipanda kwa robo saa, ni lita 1.3 kwa dakika juu ya zile za kuishi na za kutembea. Rudini kwenye bidoni za mwalimu mkaone ni sehemu gani ya uwezo wake wote, hasa kama hemoglobini yake ni gramu 10. Kisha mwambieni mtu kwamba kazi hiyo haihitaji mapumziko wala chakula cha mchana.

Mwanzisha uzi, Goma

Hesabu hii nitaiweka kwenye mtihani, ila nitabadilisha uzito na kimo ili asiwepo wa kukariri jibu.

Daktari, nimeyaandika yote uliyoyasema. Kuanzia muhula ujao kila mwanafunzi atajaza karatasi ya maswali akiwa peke yake, matokeo yatakuwa na namba ya siri badala ya jina, na jaribio la kufika kikomo litakuwa la hiari. Jambo la msichana yule limenikumbusha kwamba mimi pia nimewahi kusoma mapigo ya watu kwa sauti darasani, nikidhani nawatia moyo, na wiki hii nitawaomba radhi.

Ndugu wa biokemia, mteremko tutautafuta ulio na udongo, kwa sababu mawe ya lava yaliyokwisha kumwagika yanakata viatu. Daftari za maumivu zikikamilika, nitaleta hapa jumla yake bila majina, waliopanda upande mmoja na walioshuka upande mwingine, ili uzisome kabla sijaingia darasani na lakteti yako.

Na wewe kijana wa Lubumbashi, ukijitengenezea kiti kama chetu, kisizidi sentimita 41. Kikiwa kirefu zaidi, fomula niliyoiandika hapo juu haikufai.